Risasi Isiyokoma kwa Ndege: Bunduki za Marisau na Afya ya Mezani

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki, na risasi ni yale madini mazito na laini, ya rangi ya kijivu, ambayo mvuvi huyafanya chubwi la mshipi wake na kiwanda huyatia katika betri ya gari. Neno lenyewe tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na huko nako asili yake ni jina la madini. Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kuvitenganisha viwili hivyo, maana kila kilichorushwa na bunduki kilitokana na madini hayo hayo.

Siku hizi, katika nchi ambazo kuwinda ndege kwa bunduki ni desturi kubwa, na hasa Uingereza, watu wanajitahidi kuvitenganisha. Wanataka bunduki ibaki lakini madini yaondoke. Jambo hili limewagawa wawindaji, wakulima, wauza nyama na serikali, lakini wanaoathirika zaidi hawana bunduki wala hawaendi mawindoni. Nao ni mama mjamzito na mtoto mdogo walioketi mezani kula kilicholetwa.

Huenda ndugu msomaji ukauliza: hili latuhusu nini sisi, ilhali nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977? Latuhusu kwa njia tatu. Kwanza, wapo dada na binti zetu walioolewa, wanaosoma na wanaofanya kazi Uingereza, ambako nyama ya njiwa na bata wa mwituni huuzwa madukani na kutolewa zawadi na majirani. Pili, ndege wa majini hawana pasipoti. Baadhi ya wanaopita juu ya mabunduki ya Ulaya ndio hao hao wanaoshuka katika vinamasi vyetu. Tatu, madini yenyewe yamo katika nyumba zetu, na adhanaye kwamba hayapo kwake ndiye wa kwanza kutojihadhari. Basi tuanze na bunduki, kisha tuifuate risasi mpaka sufuriani.

Bunduki yenyewe

Bunduki ya marisau si bunduki ya askari. Bunduki ya askari hutoa risasi moja, na ndani ya mtutu wake mna michirizi inayoizungusha risasi hiyo ili iende mbali bila kuyumba. Mtutu wa bunduki ya marisau hauna michirizi; ndani ni laini, nao hurusha punje ndogondogo mia mbili au mia tatu kwa mpigo mmoja. Punje hizo hutawanyika hewani mithili ya mtama uliorushwa kwa kiganja. Ndege arukaye kwa kasi ni shida kumpata kwa risasi moja, lakini akipita ndani ya wingu la marisau, punje nne au tano humtosha.

Ukubwa wa mtutu hupimwa kwa njia ya kale ambayo wazee wetu waliopima kwa ratili wangeifahamu mara moja. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe katika tufe 12 zilizo sawa. Mtutu unaopitisha tufe moja kati ya hizo huitwa namba 12, nao una upana wa milimita 18.5 hivi. Ukiigawa ratili hiyo hiyo katika tufe 20, kila tufe huwa dogo zaidi, na mtutu wake, yaani namba 20, huwa na upana wa milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu hupungua. Hata kipimo cha bunduki hii, basi, kimezaliwa na madini haya.

Namba 12 ndiyo inayotumiwa na wengi kwa njiwa na bata. Ziko zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ziko ambazo mtutu mmoja umepanda juu ya mwingine, na ziko za mtutu mmoja zinazojipakia zenyewe. Mdomo wa mtutu hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Mtutu usiobanwa hupeleka takribani asilimia 40 ya punje zake ndani ya duara la upana wa sentimita 75, kwa umbali wa mita 36 hivi. Uliobanwa kabisa hupeleka asilimia 70. Mwindaji mwenye busara hampigi ndege aliye mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa humjeruhi bila kumpata, na ndege akaenda kufa taratibu vichakani.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 yataka mwenye bunduki ya namna hii awe na cheti cha polisi, ambacho hudumu miaka mitano, na bunduki ihifadhiwe mahali palipofungwa pasipofikiwa na asiyeruhusiwa. Mtutu usipungue sentimita 61, kwa kuwa bunduki iliyokatwa ni rahisi kufichwa chini ya koti.

Njiwa wa konde na bata wa matope

Njiwa anayewindwa huko si yule wa kufuga tumjuaye sisi, njiwa manga wa darini. Ni njiwa-mwitu mkubwa, mwenye uzani wa nusu kilo hivi na alama nyeupe shingoni. Kundi lake likishuka katika konde la njegere au kabichi, mkulima huona hasara kwa macho yake. Kwa sababu hiyo sheria imeruhusu apigwe mwaka mzima kwa kulinda mazao, chini ya masharti ya leseni ya jumla.

Zana za kumwindia ni za hila kuliko nguvu. Mwindaji hutanda wavu wenye rangi ya majani juu ya vijiti ukingoni mwa konde, akajificha nyuma yake. Mbele yake hupanga ndege wa bandia, vichwa vyao vikielekea upepo unakotoka, akaacha uwazi katikati. Njiwa wapitao hudhani wenzao wamepata chakula, nao hushuka katika uwazi ule. Wengine huongeza mtambo wa betri wenye mikono miwili mirefu unaozungusha ndege wa bandia hewani, ili aonekane kama anayetua. Mbwa aliyefunzwa hungoja kimya mpaka atumwe kuokota.

Kuwinda bata na mabata bukini pwani ni kazi nyingine kabisa, na hapa mtu wa Lamu au Vanga angejiona nyumbani. Mwindaji hutoka kabla ya alfajiri, katika baridi ya kukata mifupa, akaingia katika matope ya ghuba kubwa kama ile iitwayo The Wash, mashariki mwa Uingereza. Amevaa viatu vya mpira vinavyofika kiunoni, na mfukoni ana dira na jedwali la maji kujaa na kupwa. Jedwali hilo ni muhimu kuliko bunduki, kwa kuwa bamvua hujaza mifereji nyuma yake kimyakimya, na ukungu ukishuka huenda asiione tena njia ya kurudia pwani. Msimu wa bata huko ni kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Januari, na kwenye fukwe za bahari za England huendelea hadi 20 Februari. Wawindaji hawa walianza kujipanga mapema: mwaka 1908 Stanley Duncan aliwaunganisha katika chama chao mjini Hull, na chama hicho ndicho mzazi wa kile kikubwa kilichopo leo.

Kilichomo ndani ya ganda

Mpigo mmoja wa bunduki hii hukaa ndani ya ganda la plastiki au karatasi gumu lenye kitako cha chuma. Katikati ya kitako mna fataki. Mwindaji akifyatua, fataki huwasha baruti, baruti husukuma kizibo, na kizibo husukuma marisau yatoke kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde.

Marisau yenyewe yana historia yake. Zamani yalitengenezwa kwa taabu, na mengi hayakuwa mviringo. Mwaka 1782 fundi mmoja wa mji wa Bristol, William Watts, alipata hati ya kumiliki njia mpya. Aliyayeyusha madini ya risasi juu kabisa ya mnara alioujenga nyumbani kwake, akayamimina kupitia kichungio chenye matundu. Kila tone liliviringika lenyewe likiwa hewani, kisha likaanguka ndani ya maji chini na kuganda likiwa duara. Minara ya aina hiyo ikaenea Ulaya na Marekani, na marisau yakawa rahisi na mengi.

Madini ya risasi yaliifaa kazi hiyo kuliko yote. Ni mazito, kwa hiyo punje ndogo hubeba nguvu nyingi. Ni laini, kwa hiyo hayaukwaruzi mtutu. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, na bei yake ni ndogo. Uzito wake, ulaini wake na urahisi wake ndio uliowafanya watu wafumbe macho wasiyaone madhara yake kwa muda mrefu.

Sasa tufanye hesabu. Ganda la kawaida la kupigia njiwa lina gramu 28 za marisau namba 6, kila punje ikiwa na upana wa milimita 2.6. Humo mna punje kama 270. Ndege akianguka huwa na punje chache mwilini mwake. Zaidi ya 260 zimempita zikaangukia kondeni, kinamasini au majini. Na wengi hupiga mara mbili au tatu kabla ya kupata ndege mmoja. Zidisha kwa msimu, kisha zidisha kwa miaka mia.

Firigisi la bata

Kila aliyechinja kuku nyumbani analijua firigisi. Ukilipasua hukuta vijiwe na mchanga, kwa kuwa ndege hana meno. Humeza vijiwe ili firigisi lisage punje za nafaka kama kinu. Bata wa majini hufanya vivyo hivyo. Akitia mdomo matopeni kutafuta kijiwe, hakuna kinachomwonyesha tofauti ya kijiwe na risau. Humeza. Firigisi likianza kusaga, na asidi ya tumbo ikisaidia, lile risau laini huliwa kidogo kidogo likaingia katika damu. Bata hudhoofika, mabawa yakalegea, akashindwa kuruka wala kusaga chakula, hatimaye akafa amekonda ilhali tumbo limejaa.

Habari hii si ngeni. Huko Marekani George Bird Grinnell aliiandikia mwaka 1894. Mwaka 1959 Frank Bellrose, mtaalamu wa jimbo la Illinois, alikadiria kuwa asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika Kaskazini hufa kila mwaka kwa sumu hiyo. Kwa Uingereza wataalamu wamekadiria kuwa ndege wa majini kati ya 50,000 na 100,000 hufa namna hiyo kila mwaka. Hao hawakupigwa na mtu. Wameuawa na mpigo uliomkosa mwingine.

Ushahidi mzuri zaidi ulitoka kwa wavuvi. Katika mito ya Uingereza, ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu waitwao swani walikuwa wakifa kwa kumeza chubwi ndogo za risasi zilizoachwa na wavua kwa ndoana. Mwaka 1987 chubwi hizo zikapigwa marufuku, na swani wakaanza kuongezeka tena. Sababu ilipoondolewa, ugonjwa ulipungua.

Huo si msiba wa Wazungu peke yao. Kila mwaka bata wengi huihama baridi ya Ulaya na Asia wakaja kukaa Afrika Mashariki, na miongoni mwa mahali wanapopumzika ni maziwa ya Bonde la Ufa na Delta ya Tana. Kwa sababu hiyo mataifa ya Afrika, Ulaya na Asia yaliafikiana mwaka 1995 kuwalinda ndege wa majini wanaohama. Mapatano hayo yalianza kufanya kazi mwaka 1999, Kenya ni mwanachama, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuondoa marisau ya risasi katika maeneo ya maji kufikia mwaka 2000.

Kutoka kondeni hadi sufuriani

Hapa ndipo jambo linapoingia nyumbani kwa mama. Watu walidhani kwamba ukiyatoa marisau katika nyama, kwa kisu au kwa kuyatema, mambo yamekwisha. Picha za eksirei zimeonyesha sivyo. Risau likigonga mfupa au kupasua nyama huacha vumbi na vipande vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho wala kuhisiwa na jino, na vingine hukutwa mbali na tundu la jeraha. Huwezi kuviosha wala kuvichambua.

Mapishi nayo yana mchango wake. Utafiti uliofanywa nchini Hispania na kutolewa mwaka 2007 ulipika nyama ya ndege yenye marisau kwa njia ya kawaida, na nyingine kwa siki. Nyama iliyotiwa siki ilipokea madini zaidi, kwa kuwa uchachu huyayeyusha. Mama wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Jiko letu ni la ndimu, ukwaju, siki na nyanya. Yale yale tunayoyatumia kulainisha nyama ya ndege mgumu ndiyo yanayoitoa sumu ndani ya punje na kuitia ndani ya mchuzi.

Mwilini, madini haya huiga chokaa ya mifupa. Mwili huyapokea kwa kudhani ni chokaa, ukayaweka akiba mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake huachilia chokaa kwa ajili ya mtoto, na pamoja nayo huachilia kile kilichojificha humo. Hivyo mama huweza kumpa mwanawe tumboni sumu aliyoila yeye kabla hajaolewa. Mtoto mdogo naye hunyonya tumboni mwake mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima hunyonya akila kiasi hicho hicho. Madhara makubwa huwa ubongoni: akili kupungua ukali, umakini kupotea, tabia kubadilika. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Sisi wa Mombasa tumeshaonyeshwa haya, ingawa kwa njia nyingine. Katika kijiji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya madini haya, na akina mama ndio waliosimama kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ilirejesha uamuzi huo Desemba 2024. Madini ya Owino Uhuru na madini ya kondeni Uingereza ni mamoja. Tofauti ni mlango yaliyoingilia tu.

Sheria, ahadi na mazoea

Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Uholanzi ilikataza mwaka 1993, na Denmark ikakataza kwa uwindaji wote mwaka 1996. England ilifuata mwaka 1999 kwa bata na bukini na kwa fukwe za bahari. Wales mwaka 2002, Uskoti 2004 na Ireland Kaskazini 2009. Umoja wa Ulaya ulikataza katika maeneo yote ya maji kuanzia Februari 2023.

Lakini kuandika sheria ni jambo moja na kufuatwa ni jingine. Watafiti waliponunua bata wa mwituni katika maduka ya England, miaka kumi baada ya katazo, walikuta takribani asilimia 70 yao wamepigwa kwa risasi. Katika matope kabla ya alfajiri hakuna polisi. Yupo mtu na dhamiri yake.

Njiwa na ndege wengine wa nchi kavu hawakuguswa na katazo hilo. Mwezi Februari 2020 vyama 9 vya wawindaji na wenye mashamba viliahidi kwa hiari yao kuacha marisau ya risasi ndani ya miaka 5. Katika msimu uliofuata watafiti walichunguza ndege 180 aina ya fesanti waliokutwa na marisau. 179 walikuwa na risasi. Hatimaye, Julai 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba italeta katazo la kisheria kwa matumizi mengi ya risasi za madini hayo, pamoja na kipindi cha mpito cha miaka 3.

Badala zipo. Marisau ya chuma ni rahisi kwa bei, lakini ni mepesi: ujazo ambao risasi hupima gramu 11.3, chuma hupima gramu 7.8. Mwindaji hulazimika kuchagua punje kubwa zaidi kwa namba mbili hivi na kumkaribia ndege zaidi. Chuma pia ni kigumu, na bunduki za kale zenye midomo iliyobanwa sana huenda zikaharibika. Ndiyo maana mwenye bunduki ya babu yake hushauriwa kumwonyesha fundi kwanza. Bismuthi ni laini na nzito kuliko chuma, nayo hufaa bunduki hizo kuukuu, lakini bei yake ni kubwa. Tungsteni huchanganywa ikakaribia au kuipita risasi kwa uzito, na bei yake ni kubwa zaidi.

Wanaosita si wote wakaidi. Wapo wenye bunduki ya urithi wanayoipenda, na wapo wanaohofu kujeruhi ndege kwa marisau mepesi. Hoja hizo zina uzito wake, lakini haziwezi kulingana na uzito wa akili ya mtoto. Na wa kuigwa wapo: Peter Scott alikuwa mwindaji hodari wa bata katika ujana wake, kisha akaweka bunduki chini, na mwaka 1946 akaanzisha huko Slimbridge hifadhi ya ndege wa majini inayojulikana duniani kote.

Swali la uhalali

Familia ya Kiislamu ikiletewa ndege aliyepigwa kwa marisau ina swali jingine kabla ya la sumu: je, ni halali? Uwindaji kwa ajili ya chakula umeruhusiwa kwa masharti. Miongoni mwayo, mwindaji awe ni mtu ambaye kichinjo chake ni halali, na suala la kulitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga lina nafasi yake katika fiqhi. Ndege akikutwa yu hai kwa uhai uliotulia, sharti achinjwe.

Akikutwa amekufa, wanazuoni wamehitilafiana. Vitabu vya madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, havihalalishi windo lililouawa kwa uzito wa kitu, kama punje ya udongo iliyorushwa, kwa kuwa hilo ni sawa na mnyama aliyekufa kwa kipigo. Baadaye, baruti ilipoenea, wapo waliotazama namna risasi inavyotoboa na kupenya wakahalalisha. Mmoja wao ni Imam Shawkani wa Yemen. Mwenye kukutwa na jambo hili amuulize sheikh anayemwamini. Lakini hata apataye fatwa ya uhalali akumbuke kwamba chakula chetu chatakiwa kiwe halali na pia kiwe kizuri, na kizuri hakiwi na sumu. Wallahu aalam.

La kufanya nyumbani

Kwa dada zetu walioko Uingereza, ushauri uliotolewa na wakala wa viwango vya chakula wa huko mwaka 2012 ungali na manufaa: wenye kula mara kwa mara nyama iliyopigwa kwa risasi wapunguze, na hasa watoto wadogo, wajawazito na wanawake wanaotarajia kushika mimba. Kwa maneno ya nyumbani, mjamzito na mtoto wasipewe kabisa. Hakuna adabu inayomlazimu mgeni kula kitakachomdhuru mwanawe. Ukiwa dukani, uliza ndege alipigwa kwa marisau gani. Asiyejua, usinunue kwake. Ukipokea zawadi na ukaona kula, kata nyama yote iliyozunguka jeraha uitupe, na usiiloweke katika siki, ndimu wala ukwaju. Kumbuka hata hivyo kwamba kukata hupunguza hatari tu, haikuondoi shakani.

Kwa sisi tulioko pwani, tazama chubwi. Mvuvi anayeyeyusha risasi kwa ajili ya nyavu na mishipi asifanye hivyo jikoni, wala katika sufuria itakayorudi kwenye chakula, wala watoto wakiwa karibu na moshi wake. Asizibane chubwi kwa meno, na anawe mikono kwa sabuni kabla hajambeba mtoto. Betri kuukuu isipasuliwe uani. Wanja nao, uwe wa dukani au wa zawadi ya safari, usipakwe machoni mwa mtoto mchanga bila kujulikana umetengenezwa kwa nini, maana baadhi ya wanja una madini haya haya. Na mzazi mwenye shaka juu ya mtoto wake aombe hospitalini apimwe damu, kwa kuwa sumu hii mara nyingi haina dalili ya haraka, na kipimo ndicho kinachoifichua.